Muuguzi Mmoja na Nusu

Jumatatu, tarehe 14 Machi 1994, kituo cha afya kilicho nyuma ya soko kilihudumia wagonjwa mia moja na kumi na wawili kati ya saa mbili asubuhi na saa saba na nusu mchana. Hilo halina ubishi. Majina yote yamo katika daftari la mahudhurio, kwa mwandiko wa karani mmoja, na hakuna lililorudiwa. Siku nyingine idadi kama hiyo ilimalizwa kwa taabu saa kumi na moja jioni, wafagiaji wakiwa wamekwisha kuwafikia wagonjwa wa mwisho miguuni.

Aliyehusika zaidi na maajabu hayo ni muuguzi wa chumba cha sindano na vidonda, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Chapuchapu. Mikono yake ilikuwa myepesi kiasi kwamba watoto walianza kulia sindano ikiwa imekwisha kutoka. Nyumbani aliishi na mumewe, fundi seremala, na mama mkwe mwenye kidonda sugu cha mguu. Yeye na mkwewe walikuwa wamezozana kwa miaka kumi na tisa juu ya chumvi, ufagio na namna ya kukunja shuka. Lakini kila alfajiri bibi alimnyooshea mguu, na hakumruhusu mtu mwingine kuugusa. Mwanawe wa kumzaa alijaribu mara moja. Bibi alilalamika wiki nzima kwamba amefungwa kama mguu wa meza.

Kasi ya siku ile ilikuwa na sababu. Wizara ilikuwa imetoa waraka wa kugawa watumishi upya kwa kupima mzigo wa kazi. Nia yake haikuwa mbaya: vilikuwapo vituo vya mbali vyenye muuguzi mmoja na foleni inayozunguka jengo, na vingine vya mjini ambako wauguzi walipokezana gazeti. Afisa angefika na saa ya kuhesabia sekunde, apime kila kazi, kisha hesabu iseme kila kituo kinastahili wauguzi wangapi. Waraka ulieleza hayo yote katika ukurasa wa nne. Mkuu wa kituo aliishia ukurasa wa kwanza, palipoandikwa kwamba mgeni anakuja.

Kwa watu waliolelewa katika kazi ile, mgeni wa wizara alikuwa na maana moja tu, ukaguzi, na siku ya ukaguzi mtu huonyesha alichonacho. Kuta zilipakwa chokaa. Mkunga mstaafu aliombwa asaidie kwa siku moja, akaja na aproni iliyopigwa pasi hadi kwenye kamba zake. Mlinzi aligawa kadi, mfagiaji alikimbiza mafaili, na Mama Chapuchapu alifunga vidonda kana kwamba basi linamsubiri nje. Afisa alikuwa mtu mpole. Kwa ile saa iliyoning'inia shingoni, kabla ya saa nne alikwisha kuitwa Refa. Aliandika kimyakimya, akawapongeza, akaaga. Watumishi walimsindikiza kwa makofi.

Barua ilifika tarehe 25 Aprili. Ilikipongeza kituo kwa kuhudumia kila mgonjwa kwa wastani wa dakika tatu, na ikakiarifu kwamba, kwa kasi hiyo, kilikuwa na ziada ya muuguzi mmoja na nusu. Yule mmoja alikuwa Mama Chapuchapu. Angehamishiwa kituo kilicho mwendo wa siku mbili kwa basi, "kwa kuwa wepesi wake unahitajika zaidi huko". Kuhusu nusu, barua haikufafanua. Mtoa dawa aliuliza wapeleke nusu ipi, ya juu inayosema au ya chini inayosimama kutwa. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akijipima.

Nyumbani bibi alisomewa barua hiyo, akaomba kwa upole isomwe tena, jambo ambalo mwanawe anasema hakuwahi kulishuhudia tangu azaliwe. Hatimaye aliuliza:

"Na mimi nitafungwa na nani? Na huyu seremala?"

Waraka, ambao safari hii ulisomwa hadi mhuri, uliruhusu kituo kupimwa tena ndani ya siku thelathini. Kikao cha watumishi kikaazimia kwamba siku hiyo watu wote wafanye kazi polepole. Mama Chapuchapu alianza mazoezi alfajiri ya kesho yake, kwenye mguu wa mkwewe. Bibi alivumilia mizunguko mitatu ya bendeji.

"Mwanangu, unafunga kidonda au unasuka mkeka? Nitakufa kwa uzee hujafika kwenye fundo."

Refa alirejea Jumanne, tarehe 17 Mei. Saa ya kwanza haijaisha, Mama Chapuchapu alikuwa amekwisha kuhudumia watu ishirini na wanne. Mkuu wa kituo alipita dirishani mara tatu akishusha viganja, kama mtu anayetuliza maji yanayochemka. Haikusaidia kitu. Mikono ilikuwa na mazoea yake, na mwenye mikono hakuwa na la kuiamuru.

Saa nne Mama Chapuchapu alimpelekea Refa chai, na ndipo macho yake yalipoangukia fomu. Ilikuwa na mistari minane: kuchoma sindano, kusafisha kidonda, kuandika kadi, na mingine ya aina hiyo.

"Baba, kumbembeleza mtoto asirushe miguu kuko wapi hapa?"

Refa alisema hakumo.

"Na kumtoa kwenye foleni anayetaka kuanguka?"

"Hakumo, mama."

"Sasa nikifanya hayo, wewe unafanyaje?"

"Naisimamisha saa," Refa alijibu kwa uaminifu kamili. "Nikiendelea kuhesabu nitakuwa nakuonea."

Mama Chapuchapu alisema vema: saa ikisimama, naye atasimama; yasiyomo kwenye fomu hatayafanya. Muuguzi mwenzake akawekwa mlangoni kuhakikisha hakuna mgonjwa mahututi anayecheleweshwa. Hakuwapo hata mmoja.

Mashahidi watatu wanaafikiana juu ya yaliyofuata. Mtoto asiyebembelezwa alipiga teke sinia ya vifaa. Mzee mwenye jeraha la kisigino, ambaye hakuna aliyemwonyesha njia, aliingia chumba cha wajawazito, akaketi, akasubiri zamu yake kwa heshima. Akina mama wawili waligombania nafasi, na mwamuzi wao wa kila siku alikuwa amefumbata mikono. Mmoja wao, ili apate kugomba vizuri, alimkabidhi Refa mtoto, kwa hoja kwamba ndiye pekee mle ndani asiye na kazi. Refa alimbembeleza. Kisha, mtoto akiwa begani, akaenda kumtoa mzee kwa akina mama wajawazito. Aliporudi aligundua kwamba katika vurugu hizo alisahau kuisimamisha saa. Dakika thelathini na nne zilikuwa zimepita, na waliohudumiwa walikuwa wawili.

"Endelea tu, mama," alisema, akiichomoa kamba ya saa mdomoni mwa mtoto. "Sitaisimamisha tena."

Chini ya mstari wa nane aliongeza wa tisa kwa kalamu: "Mengineyo". Fomu yenyewe imo jaladani. Ina doa pembeni, ambalo watumishi wanasema ni chai na mama wa mtoto anasema sivyo. Wastani mpya ulikuwa dakika kumi na moja.

Barua ya pili ilikuja Agosti. Ilifuta uhamisho, ikaeleza kwamba kituo kina upungufu wa wauguzi wawili na nusu. Hakuna aliyeletwa. Mama Chapuchapu alibaki katika chumba chake miaka kumi na minne zaidi, hadi alipostaafu. Bibi alipopewa habari ya barua hiyo alinyoosha mguu ufungwe, akangoja hadi fundo la mwisho.

"Vizuri," alisema. "Sasa tuzungumze habari ya chumvi ya jana."

Nusu muuguzi anatajwa katika barua zote mbili. Alikuwa nani, jalada halisemi, na katika watu wote waliohojiwa hakuna anayejua.