Ngome Iliyokuja kwenye Sahani

Juzi nilikwenda Don Mills, kwenye jengo nililokulia, kufungasha vyombo vya marehemu bibi. Kabatini nikakuta sahani tano za maua ya buluu, na chini yake bahasha nene. Nikakaa sakafuni, ndugu yangu, na kazi ikaishia hapo.

Nilipokuwa mdogo, kila Jumamosi bibi alikaanga maandazi ya iliki, nami nikampelekea jirani wa mlango wa pili, mzee wa Norwei aliyeishi peke yake. Mara ya kwanza alirudisha sahani tupu, imeoshwa inang'aa. Bibi aliitazama kama aliyetukanwa.

"Kamwambie, kwetu sahani hairudi tupu."

Nilimwambia kwa aibu. Jumamosi iliyofuata sahani ilirudi na karatasi: mchoro wa ngome ndogo kisiwani, na maelezo ya Kiingereza. Baba yake alikuwa mlinzi wa mwisho wa ngome hiyo, na mzee mwenyewe alizaliwa humo humo. Wanawe walikuwa wameichoka habari yake, basi akatupa sisi, ukurasa mmoja kwa wiki: mfalme aliyeijenga kwa kuwaogopa majirani, kuta za mawe zilizofunikwa udongo na nyasi, mizinga minane iliyoelekea baharini, askari waliolima viazi kwa kukosa adui.

Bibi hakusoma Kiingereza. Mimi nilielewa Kiswahili, lakini nilijibu kwa Kiingereza kama watoto wote wa jengo letu.

"Nisomee kwa Kiswahili," alisema, "au leo huli andazi."

Nikajikokota neno kwa neno. Nilipokosa Kiswahili cha handaki au zamu, nilieleza kwa ishara naye akanipa neno, kisha akauliza lile lile: "Sasa walipigana lini?"

Nikampelekea mzee swali. Akacheka. "Mwambie bibi yako avumilie. Hilo ni la ukurasa wa mwisho."

Wiki ile ile binti yake alikuja kumchukua akaishi naye Markham. Sahani yetu ya sita ikaenda na vyombo vyake. Mama alitaka kununua nyingine, bibi akakataa katakata.

"Ya kwetu iko njiani, na ina kitu juu yake."

Sasa mlango ule una wapangaji wengine, na korido hainukii tena iliki. Ningeweza kutafuta kwenye simu kama mizinga ile iliwahi kulia. Sijatafuta. Jioni niliwasomea wanangu kurasa zote za ile bahasha kwa Kiswahili. Mdogo akauliza, kwa Kiingereza, walipigana lini.

"Uliza tena," nikamwambia, "kama bibi alivyouliza."

Akajikokota.