Chini ya Bwawa la Mkonge

Nilipompigia mama simu kumwambia nimechaguliwa kwenda kujifunza kuzamia, alinitaka nirudie mara mbili. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa majirani wasisikie, "Unazamia kwenda Sauzi?"

Nilicheka peke yangu njiani pale Manundu, mjini Korogwe. Nikamweleza kuwa si kuzamia meli kwa kujificha hadi Afrika Kusini, ni kushuka majini na mtungi wa hewa mgongoni kutafuta watu waliozama.

"Binti yangu," akasema, "wewe umekulia Misima. Maji ya kuzama mtu umeyajulia wapi?"

Hakukosea. Maji niliyokulia kule kijijini ni ya lambo, na kiangazi kikikaza lambo lenyewe lilikuwa halipiti magoti, ng'ombe upande mmoja, ndoo zetu upande wa pili. Kuogelea nilijifunza nina miaka ishirini na sita, nikiwa nimeshaajiriwa kwenye kikosi cha uokoaji Korogwe, na hata hapo niliogelea kama mtu anayekimbia nyuki.

Mwalimu wetu alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Tanga, mwembamba, aliyefanya kazi ya kuzamia bandarini miaka mingi. Hakuwahi kupaza sauti. Wiki za kwanza alitufundishia kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja kando ya barabara kuu, asubuhi, kabla wageni hawajaamka. Tulikuwa wanafunzi wanne, wawili wawili, maana sheria ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna anayeshuka peke yake. Mimi nilipangwa na Msambaa mmoja wa milimani, mtu wa mwili, mwimbaji wa kwaya, ambaye hata akifunga kiunoni mkanda wenye uzito wa kumzamisha alikuwa akivumisha wimbo puani.

Siku ya kwanza nilipiga magoti sakafuni mwa lile bwawa, kipumulio mdomoni, nikaogopa kuvuta hewa. Kifua kilikataa. Kilijua vizuri kuliko mimi kwamba mtu hapumui ndani ya maji. Mwalimu akapiga magoti mbele yangu, akanitazama kwenye miwani, akatoa mapovu polepole. Nikamwiga. Hewa ikaja, kavu, baridi, yenye ladha ya mpira, na nikasikia pumzi yangu mwenyewe kama ya mtu mwingine aliyelala karibu nami. Juu yangu jua lilikuwa limemwagika likicheza. Sijui nilikaa pale muda gani. Nilipotolewa nilijisikia kama niliyeamshwa.

Tangu hapo siku zangu zikabadilika mwendo. Nilipita sokoni na watu walinena kama wako nyuma ya ukuta. Nikilala adhuhuri niliota Misima imefunikwa na maji masafi, mahindi yakiyumba chini taratibu, mbuzi wakipita juu yake miguu ikining'inia, na mimi nikitembea shambani napumua, sishangai chochote.

Mwezi wa pili tukahamia kwenye bwawa la zamani la shamba la mkonge lisilolimwa tena. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Ukishuka urefu wa watu wawili, mkono wako mwenyewe huuoni.

"Fumbeni macho," mwalimu alituambia. "Huko chini hayana kazi. Tafuteni kwa mikono."

Alikuwa amejaza mchanga kwenye ovaroli, akalivisha buti, akalitupa ndani. Huyo ndiye mtu wetu wa kutafutwa. Tulishuka tumeshika kamba moja ambayo mwalimu aliishika ukingoni, tukazunguka tukipapasa tope. Niligusa vitu vingi gizani: sufuria lisilo kitako, kiatu, matawi laini kama nywele. Kila kimoja kilinifanya nisimamishe mkono kidogo kabla ya kukikubali.

Siku ya tatu kamba ikaanza kutikisika ovyo. Nikamfuata mwenzangu kwa kuivuta, na mguu wake ukanipiga usoni, miwani ikanitoka. Maji yakaingia puani. Nikampata begani, alikuwa akijirusha kama samaki, na nilipopeleka vidole usoni pake nikakuta midomo mitupu, kipumulio ameshakitema.

Nilitaka kupanda juu. Nasema kweli. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kupiga maji. Lakini nikatoa pumzi, yote, kama nilivyofundishwa, na baada ya pumzi hiyo nikapata nafasi ya kufikiri. Nikachukua kipumulio changu cha akiba, nikamsukumia mdomoni, nikakishikilia hapo kwa kiganja. Akang'ata. Nikasikia anavuta hewa, mara moja, mara mbili, kwa sauti ya mtu anayelia. Nikampapasa mgongoni hadi shingoni mwa mtungi, nikakuta waya wa zamani umemnasa. Niliufungua taratibu, naye ametulia mikononi mwangu, mzito. Kisha tukapanda polepole, tumekumbatiana, giza likigeuka kahawia, kahawia likigeuka dhahabu.

Ukingoni alitapika maji, akainamisha kichwa katikati ya magoti.

"Nilimwona mke wangu," akasema. "Anapepeta mchele. Nikamwita, hageuki."

Mwalimu hakumgombeza. Alimmiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, akasubiri aimalize.

"Mtungi wako una hewa bado?"

"Ipo."

"Na jua lipo bado," mwalimu akasema. "Mtarudi?"

Mwenzangu akanitazama. Nilimwomba Mungu amfanye akatae, kwa sababu akikataa yeye, na mimi nimepona. Aliinuka, akafunga mkanda wake. Tukashuka. Safari hii hatukutafuta kitu kwanza. Tulikaa topeni tumeshikana mikono hadi pumzi zetu zikaenda pamoja. Nikahisi mtetemo mdogo kupitia vidole vyake. Alikuwa anavumisha wimbo wake ndani ya kipumulio. Baadaye kidogo ni yeye aliyegusa buti la yule mtu wa mchanga.

Tulifaulu wote wanne. Masika yaliyofuata tukaitwa upande wa Mombo, kwenye bwawa dogo la kumwagilia mpunga. Mkulima mmoja alikuwa ameingia kuondoa magugu mdomoni mwa bomba, akateleza. Mkewe aliketi kwenye majani, mikono mapajani, halii. Mwenzangu akasoma kipimo cha hewa cha mtungi wangu, nami cha wake, tukashuka.

Nilimpata kwa mkono wa kushoto. Kwanza kitambaa, kisha bega. Sikuogopa. Nilimkumbatia kama unavyombeba mtu aliyesinzia, nikaivuta kamba, tukampandisha.

Alipokwisha kufunikwa, mkewe akaja kwangu. Nilikuwa natiririka maji, sijavua hata mapezi ya miguuni.

"Dada," akaniambia, "ulipomwona huko chini, alikuwaje? Macho alifumba?"

Ningeweza kumwambia alifumba. Lakini nikashindwa kumdanganya.

"Sikumwona, mama. Kule ni giza. Nilimgusa tu."

Akasogea karibu. "Ulimgusa wapi?"

"Begani."

Akanyoosha mkono, akauweka begani pangu, juu ya vazi langu la mpira lililolowa, kama anayepima kitu. Tulisimama hivyo. Mbele yetu mpunga ulikuwa umelazwa na upepo, kijani kote hadi chini ya milima.

"Haya," akasema mwishowe. "Umechoka. Vua hayo mavitu, upumzike."