Msinunue Sola Mwezi wa Desemba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa betri niibebe. Si kuifunga, si kuipima, kuibeba tu, kutoka kwenye gari hadi ndani ya karakana ya kampuni ya sola pale Same, jua la saa saba likinipiga utosini. Betri za wakati ule zilikuwa za asidi, nzito kama jiwe la kusagia, na ukiiinamisha kidogo asidi inakula suruali. Yangu ililiwa. Mkuu wa Karakana akatazama matobo, akasema, "Sasa umeajiriwa," akaendelea na kazi yake. Hakucheka.

Nilikuwa fundi wa nyaya za majumbani, najiona najua. Mkuu wa Karakana alinionyesha kwa wiki moja tu kwamba sijui kitu. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye tabia ya kunyanyua kila paneli iliyoletwa dukani kabla hajasoma kilichoandikwa nyuma yake. Siku moja muuzaji alileta paneli ndogo, karatasi ya nyuma inasema wati mia tatu. Mkuu akainyanyua kwa mkono mmoja, akamtazama yule bwana. "Wati mia tatu nainyanyua hivi, kama sinia la chai? Ondoka nayo." Mpaka leo naona watu wananunua karatasi ya nyuma badala ya paneli, halafu wananipigia mimi simu kulalamika.

Alinifundisha hesabu ya kazi hii, na kwa kuwa ni fupi nawaandikia. Unaorodhesha kila kifaa cha nyumbani, wati zake, mara saa kitakazowaka kwa siku. Ukijumlisha unapata wati-saa, yaani chakula cha nyumba hiyo kwa siku moja. Betri ni ghala: lazima iweke chakula cha zaidi ya siku moja, kwa sababu zipo siku jua halitoki. Paneli ndilo shamba: lazima livune chakula cha leo na kujazia ghala. Katikati kuna kidhibiti chaji, ambacho kazi yake ni kuilinda betri isijae kupita kiasi, na inverta, inayogeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha vifaa vya kawaida. Ghala dogo na shamba kubwa, unamwaga mavuno. Ghala kubwa na shamba dogo, unalala njaa. Hapo hakuna fumbo.

Lakini kabla ya hesabu, Mkuu alikuwa na swali. Alinikatalia kuingia nyumba ya mtu yeyote bila kuliuliza. "Usimuulize mtu anataka nini," alisema. "Atataka kila kitu. Muulize hivi: kikizimika kipi, ataumia nani? Unaanza na hicho. Kingine chote ni mapambo." Nililiandika kwenye jalada la daftari langu la kwanza, na nililiuliza kila nyumba kwa miaka mingi. Kisha siku moja sikuliuliza, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya.

Kutoka Same nilipelekwa kwanza vijiji vya ziwa Jipe. Jua la kule halina mjadala, ila ndege wa ziwani walizifanya paneli zangu choo chao. Kulikuwa na mvuvi mmoja aliyeogopa wezi, kwa hiyo kila asubuhi anaitoa paneli nje na kuianika chini kama muhogo, jioni anairudisha chumbani. Waya zilikatika mara tano. Nilimweleza, nikamchorea, nikamfungia boliti nne juu ya bati. Niliporudi mwezi uliofuata boliti zilikuwa zimefungia mlango wa choo na paneli ipo chini, mbuzi amelala pembeni yake. Nilikaa kwenye pikipiki nikavuta pumzi kwanza, ndipo nikamsalimia.

Baadaye nilihamishiwa Ugweno, kwenye milima ya Upare wa kaskazini, chini ya Msimamizi wa Kanda, bwana mtaratibu aliyependa ripoti kuliko umeme. Kule juu kazi ni nyingine kabisa. Pikipiki inapanda kwa gia ya kwanza, migomba huku na huku, kahawa chini yake, nyumba zimejengwa vizuri kwa fedha za watoto walioko mijini. Na kuna ukungu. Kuanzia mwezi wa sita ukungu unakaa juu ya kijiji cha Shighatini mpaka mchana, siku nyingine mpaka jioni, na wiki nzima inaweza kupita hujaona kivuli chako. Mtu aliyeko Same wakati huohuo anaona anga safi na kudhani nchi nzima iko hivyo.

Sasa nisikilizeni. Familia za huku zina desturi nzuri, ya kupanda mlimani kila Krismasi. Wanakuja wote, Dar es Salaam, Arusha, Dodoma, na keshokutwa yake baada ya kupumzika wanafanya kikao cha familia. Kwenye kikao hicho wanachanga: mwaka huu bati, mwaka ujao kisima, mwaka huu sola ya mama. Fundi anaitwa palepale. Jua la Desemba linawaka, kila kitu kinang'aa, watoto wamejaa uani, na orodha ya vifaa inaandikwa na watu ambao baada ya siku kumi hawatakuwepo. Nani atabaki na ule mfumo miezi kumi na moja? Mama, ambaye wakati wa kikao yuko jikoni anawapikia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Mama Anaeli, mjane wa Shighatini. Anaeli mwenyewe, kifungua mimba wake, ndiye aliyeongoza kikao. Kijana mchangamfu, ana kazi nzuri Dar, na anaongea haraka.

"Fundi, andika. Tivii inchi hamsini na tano. Spika zile za kusimama. Friji. Na inverta iwe kubwa, tusije tukaaibika wageni wakija."

Mama yake akapita na sinia la chai. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu," akaweka sinia, akaondoka. Hapo ndipo ningemwita akae. Sikumwita. Nilikuwa na nyumba nyingine tatu za kufunga kabla ya mwaka mpya, na zote zilikuwa na kikao kama hicho.

Nikapanda ngazi nikapima. Jua lilikuwa safi. Anaeli akataka paneli zikae upande wa mbele, unaotazama barabara, ili mtu akipita azione. Mbele, kando ya geti, palikuwa na mparachichi mkubwa aliopanda marehemu mzee wao. Niliutazama. Kivuli chake kilikuwa kimeangukia barabarani, mbali na nyumba. Nikaridhika. Jamani, mimi niliyekuwa nafundisha wenzangu kwamba Desemba jua linapita kusini na Juni linapita kaskazini, niliridhika! Mti ule ulikuwa kaskazini mwa nyumba.

Kisha bajeti ikabana, kama kawaida, na kama kawaida wakaikata betri. Hakuna anayekata tivii. Nikasema, "Betri hii itakuwa ndogo." Anaeli akasema, "Mzee, tutaongeza mwakani, usijali kabisa." Nikasaini. Usiku wa mwaka mpya, niliambiwa, muziki ulisikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Mwezi wa sita Mama Anaeli alinipigia simu mwenyewe, Jumatatu. "Fundi, kile kitaa chekundu kinawaka tena." Kitaa chekundu ni inverta inasema betri imeisha. Nikamuuliza wajukuu wapo? Wapo, shule zimefungwa. Wanatazama tivii? Wanatazama. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejua kila kitu, "Mama, huo ni ukungu. Wapunguze tivii. Nitapita Jumamosi."

Jumamosi nilikuta jirani yake anafagia ua. Akaniambia mama yuko kituo cha afya tangu Alhamisi asubuhi. Pumu ilimbana. Ile mashine yake ya kuvutia dawa, ile ya kuchomeka ukutani yenye kinyago cha kuweka mdomoni, haikuwaka. Bodaboda alimshusha mlimani kwenye matope, jirani amekaa nyuma yake amemshikilia asianguke.

Niliinua macho kuangalia paa. Ilikuwa saa sita kasoro, ukungu umefunguka kidogo, jua linachungulia, na kivuli cha mparachichi kimezilalia paneli zote. Najua kusema nilikosea ni neno dogo, lakini sina kubwa zaidi.

Nilimkuta kituoni, amekaa kitandani, kanga mabegani, anapumua kwa shida lakini anapumua. Baada ya kumsalimia nikamuuliza, "Mama, mbona Desemba hukusema kama una mashine?"

Akanitazama bila hasira. "Uliniuliza?"

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.

"Niliona mnaongea na Anaeli," akasema, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Watoto wamefurahi. Wamechanga. Nikasema nisije nikawaharibia na magonjwa yangu."

Wiki ile nilizishusha paneli nikazipandisha juu ya zizi la ng'ombe, nyuma ya nyumba, mahali pa wazi. Mparachichi hatukuukata; mama alisema hapana, na safari hii nilimsikia. Nikafunga betri ndogo ya pili, peke yake, na inverta ndogo, na soketi moja tu kando ya kitanda chake. Hiyo haigusi tivii wala spika. Nyumba yote ikizimika, hiyo inabaki na chakula chake.

Anaeli akapiga simu. "Mzee, paneli sasa ziko juu ya ng'ombe? Wageni wataonaje?"

"Hawataona," nikamwambia. "Mama yako atapumua."

Kisha akauliza, taratibu, "Alikuwa mgonjwa kiasi gani?" Jirani na wajukuu hawakumwambia. Mama alikuwa amewakataza.

Msimamizi wa Kanda naye alitaka ripoti yake. Akauliza, "Mfumo ulifungwa kwa kiwango?" Nikasema nyaya zilikuwa sawa, fyuzi sawa. "Basi andika kosa la mtumiaji," akasema, akasogeza fomu. Nilibishana na yule bwana nusu saa nzima, mimi ambaye sikuwahi kubishana na mkubwa. Mwishowe nikachukua kalamu nikakata maneno yake nikaandika, kosa la fundi. Alinuna mpaka siku niliyostaafu, na kwenye hotuba ya kuniaga alinisifu kwa usafi wa vifaa.

Sasa nakaa Same, chini ya bati linalowaka, na mngedhani ningepumzika. Wapi! Kila Desemba simu inaita. Siku hizi vifaa ni bora kuliko vyetu: betri za lithiamu hazili suruali ya mtu, ni nyepesi, na zinadumu ukizitunza. Lakini watu ni walewale. Wanataka paneli kubwa na waya mwembamba. Wanabandika paneli juu ya bati bila nafasi ya upepo, wakati paneli inapenda mwanga, haipendi joto. Wanaweka bajeti yote kwenye kinachoonekana, na hawaachi hata kidogo kwa fyuzi, kwa vyuma vya kushikilia, kwa nauli ya fundi atakayerudi. Nikiwaambia pandeni mlimani mwezi wa sita mkaangalie jua, wanacheka. Wanasema mwezi wa sita hawana likizo. Mama zao nao hawana likizo na ukungu, lakini hilo haliandikwi kwenye orodha.

Desemba iliyopita alinipigia kijana mwingine, kwao Chome, kule Upare wa kusini. Akanisomea orodha ndefu. Nikamsikiliza mpaka mwisho, maana nimezeeka na nimejifunza.

"Mama yupo hapo?" nikauliza.

"Yupo. Ila mzee, mama hajui mambo ya sola."

"Nipe mama."

"Mzee, tungemaliza kwanza hii ya..."

"Kijana. Nipe mama."

Nikasikia simu inapokewa na mkono mwingine, kuku, watoto, mtu anaambiwa aongee karibu. Nikamsalimia shikamoo, ingawa huenda tumelingana. Nikamuuliza swali la Mkuu wa Karakana, neno kwa neno: nyumbani hapo kikizimika kipi, ataumia nani?

Nikasikia anawaambia watoto wapunguze kelele.

"Mimi ningeomba taa moja tu," akasema. "Ile njia ya kwenda chooni. Nimeanguka pale mara mbili."

Nyuma yake, mbali kidogo na simu, nikasikia sauti ya yule kijana, imebadilika kabisa.

"Mama, lini?"