Mimi Ndiye Niliyemwita

Vita vya Wadachi na Waingereza vilipopanda mlimani kwetu, nilikuwa nimeolewa miezi minane tu. Tuliishi kwenye mteremko wa Uluguru, juu ya mji wa Morogoro, tukilima maharage na migomba. Tulisikia kwamba Wadachi wanarudi nyuma na wanatafuta watu wa kuwabebea mizigo mpaka kusini. Hatukujua kwamba watu hao ni sisi.

Asubuhi jumbe alipita akipiga kelele kwamba askari wanakuja. Wanaume wakakimbilia msituni. Mume wangu aliniambia, "Wewe kaa. Hawataki wanawake."

Askari walipokuta kijiji hakina wanaume, wakatukusanya sisi wanawake, wakatufungia katika banda la mahindi la jumbe. Mkubwa wao, Mwafrika kama sisi, mwenye Kiswahili cha pwani, akasimama mlangoni.

"Waiteni waume zenu. Mume asiyekuja, mkewe ndiye atakayebeba mzigo."

Hakuna aliyeita. Jua likapanda. Mle ndani mlijaa joto na vumbi la magunzi, na mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa akaanza kutapika. Mimi ndiye niliyeita wa kwanza. Nalisema hilo leo, maana miaka yote nimewaacha watu waamini kwamba tuliita sote kwa pamoja. Niliweka mdomo kwenye upenyo wa fito nikalitaja jina la mume wangu, kwa sauti ile ile niliyomwitia chakula.

Akaja. Alitokea kwenye migomba mikono ikiwa juu. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Wakafungwa kamba shingoni, sisi tukafunguliwa, nami nikamkimbilia.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado."

"Nenda ukale."

Wakashushwa kwa njia ya mtoni. Huko chini, mjini, moshi mweusi ulikuwa ukipanda. Watu walisema Wadachi wanachoma stesheni kabla ya kuondoka. Siku hiyo kilio kilisikika bonde kwa bonde, maana hakuna kijiji kilichoachwa.

Jioni nilikwenda kwa mama mkwe, ng'ambo ya bonde letu. Nilimkuta amekaa kizingitini.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. "Nani alimwita?"

"Tuliita sote, mama."

"Nilikuwa shambani," akasema. "Sauti yako naijua. Nimeisikia mpaka huku, na ilikuwa peke yake."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Masika mbili zilipita kabla hajarudi mtu mmoja kati ya wale waliochukuliwa, miguu imejaa vidonda. Alisema mume wangu aliugua kuhara karibu na Rufiji, akaachwa kando ya njia. Hakujua kama alizikwa.

Sikuolewa tena. Mama mkwe alipozeeka na kubaki peke yake, nilivuka bonde kila asubuhi kumtekea maji. Nilifanya hivyo miaka tisa. Aliyanywa maji yangu na kula uji wangu, wala hakunisemesha hata siku moja. Pia hakumwambia mtu alichokisikia. Alipofariki, wanawake msibani walinisifu kwamba hawajaona mkwe mwenye mapenzi kama mimi. Niliinamisha kichwa, nikaendelea kuchambua mchele.