Kopo la Rangi Kaunta ya Mahakama

Juzi kwenye kaunta ya mahakama moja huku Kinondoni nilimkuta mama mmoja, mjane wa Tabata. Kwenye foleni alishanisimulia yake: shemeji yake anashtakiwa kwa kughushi sahihi ya marehemu ili auze nyumba, naye mama kafungua kesi ya madai kuigombea.

"Shikamoo mama. Kesi yako ya nyumba imesimamishwa mpaka ile ya jinai iishe," karani akamwambia.

"Marahaba. Na mnunuzi akija kesho, naye atasimama?"

"Si uombe zuio, mama?"

"Nimeshaomba, bado halijasikilizwa. Leo je?"

Karani akarudi kwenye majalada yake. Mama akatoa kopo la rangi nyekundu mkobani, akaligonga kwenye kaunta. "Basi mie naenda kuandika ukutani."

Nani Dar hajui atakachoandika? NYUMBA HII HAIUZWI. Mahakama ina sababu yake: haitaki zitoke hukumu mbili zinazopingana juu ya sahihi moja. Lakini mnunuzi hasomi majalada, anasoma ukuta.

Mlangoni mama akageuka. "Mkishamaliza kuamua, niiteni. Nitakuja na brashi, nifute mwenyewe."