Fika Saa Tano Kamili

Sebuleni kwangu Iringa kuna fremu mbili ukutani. Ya kwanza ni stashahada yangu ya ufundi wa vifaa vya hospitali, niliyoipata Stockholm, na mgeni yeyote anayekunywa chai yangu lazima aisome kwanza, hata kama imeandikwa kwa Kiswidi. Ya pili ni picha ya timu ya mpira. Hiyo ya pili wageni huipita haraka. Hawajui kwamba yule aliyechuchumaa mbele, mwenye kitambaa cha nahodha na punje nyeusi za nyasi bandia magotini, ni mimi, na kwamba nusu saa kabla ya picha kupigwa nilidaka penalti.

Naieleza hapa kwa sababu kuna kijana mmoja huko Husby, pembezoni mwa Stockholm, ambaye hadi leo anaisimulia vibaya.

Sikupelekwa Ulaya na mjomba wala na serikali. Nilijisomesha. Alfajiri nilisukuma mashine ya kusafisha sakafu kwenye korido za hospitali ya Flemingsberg, mchana nikavuka barabara kwenda chuoni. Nilikuwa na miaka thelathini na tatu, mkubwa kuliko mwalimu wangu mmoja. Vyuo vina ligi yao, na sisi tuliozungumza Kiswahili, yaani Wakenya, Wakongo, Waganda wawili, Mrundi mmoja na mimi Mtanzania pekee, tukaunda timu. Nahodha nikawa mimi. Wapo wanaosema nilijichagua. Si kweli. Niliuliza kama kuna anayepinga, na hakuna aliyejibu. Walikuwa wanafunga kamba za viatu.

Msimu ulianza kwa sare moja, ukafuatiwa na vipigo vitano. Baada ya kipigo cha tano, beki wetu, Mkongo wa Bukavu mwenye mwili kama kabati, alisimama katika chumba cha kubadilishia nguo.

"Kapiteni, sikia. Kama tunashuka daraja, ile kitambaa unaitosha ku mukono. Tumeelewana?"

Kwa Kiswahili chao, kutosha ni kuvua. Wenzake wote waliielewa hiyo mara moja, wakapiga makofi.

Basi nikawakimbiza mazoezini mpaka wakanichukia, tukaanza kushinda. Ilipofika mechi ya mwisho tulihitaji sare tu kubaki daraja la kwanza, na mimi kubaki na kitambaa changu.

Siku zote winga wetu, Mkenya aliyesomea uuguzi, ndiye aliyeandika ujumbe wa mechi, kwa Kiingereza. Safari hii nilimnyang'anya kazi hiyo. Nilimwambia timu ya Waswahili haiwezi kuitana kwa Kiingereza katika nchi ya Waswidi. Nikaandika: "Wachezaji wote, Jumamosi fika saa tano kamili, uwanja wetu. Ni siku muhimu." Hakukuwa na kosa hata moja la sarufi.

Tatizo lilikuwa golikipa. Alikuwa mwanafunzi mwenzetu, kijana wa Husby, wazazi wake Wakongo, yeye kazaliwa hukohuko. Mpole, mikono mirefu, mama yake akimsemesha Kiswahili yeye anamjibu Kiswidi. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, vyakula na makaripio. Siku moja mazoezini nilimwambia arushe mpira kulia, akanitazama kwa huruma.

"Nani analia, anko?"

Jumamosi ile tulifika wote isipokuwa yeye. Tulikuwa kumi, hatuna wa akiba. Refa alikuwa anatazama saa. Winga akampigia simu na kuweka sauti kubwa ili wote tusikie.

"Uko wapi, kijana?"

"Nyumbani. Bullar ziko kwenye oveni."

"Nini?"

"Maandazi ya mdalasini. Anko aliandika fika saa tano, siku muhimu. Nimefanya nyingi."

Kwa asiyeishi Sweden nieleze. Waswidi wana desturi ya kukaa chini na kahawa na kitu kitamu, na desturi hiyo inaitwa fika. Ukikosa mkutano watakusamehe, ukikosa fika watakuuliza kama unaumwa. Na saa tano yake ilikuwa ile ya saa ya ukutani, kumi na moja jioni. Mechi zetu zote za nyuma zilikuwa saa tisa alasiri, hii ya mwisho tu ndiyo iliyowekwa asubuhi, kwa hiyo yeye alijua tutacheza, tutaoga, kisha tutakunywa kahawa uwanjani. Hesabu yake ilikuwa safi kabisa.

"Mechi ni sasa!" winga alipiga kelele.

"Nu?" kijana aliuliza kwa Kiswidi, yaani sasa hivi, halafu tukasikia kitu cha bati kikianguka.

Kutoka Husby ni treni ya chini ya ardhi, njia ya bluu, mpaka katikati ya mji, kisha treni ya Flemingsberg. Karibu saa nzima, na zaidi kama unabeba maandazi.

Beki alinigeukia, na "njo" yao ni "ndiye" yetu. "Weye njo uliandika. Weye njo utadaka."

"Na hicho Kiswahili sanifu chako," winga akaongeza, "kiite kikusaidie kona zikipigwa."

Nikaingia golini na glavu za sufu za mke wangu. Nisiwadanganye, nilifungwa mawili. La kwanza lilipita katikati ya miguu yangu kwa sababu ya jua.

"Jua gani?" beki aliuliza. "Kuko mawingu tupu!"

Lakini winga wetu alicheza kama mtu aliyetukaniwa mama yake, akafunga yote mawili ya kwetu. Mbili kwa mbili, dakika za lala salama. Ndipo beki akamwangusha mtu ndani ya boksi, akanyoosha mikono kama aliyekuwa anamsaidia kuvuka barabara. Penalti.

Wakati mpira unawekwa, nilisikia mtu anahema nyuma ya nyavu. Golikipa wangu, koti limefungwa vibaya, mfuko mkubwa unaonukia mdalasini. Viatu vya mpira amesahau, na refa akasema bila viatu haingii.

"Anko!" alinong'ona. "Huyu namjua, ni wa mtaa wetu. Anapiga upande mmoja tu, siku zote!"

"Upi?"

Akasogea karibu. Mpigaji asingeelewa Kiswahili, na kijana kwa mara ya kwanza maishani alijivunia lugha yake.

"Kushoto! Kushoto, anko!"

Nilikuwa na muda wa pumzi moja kufikiri. Nikajiuliza: huyu aliyesoma fika akaona maandazi, kushoto kwake ni wapi? Refa akapuliza. Nikajirusha kulia kwa nguvu zangu zote. Mpira ukanigonga kiwiko, ukatoka nje.

Ilipopulizwa filimbi ya mwisho beki alinibeba begani, na kitambaa kilibaki mkononi mwangu, kwa sharti kwamba nisiandike ujumbe tena. Tukala maandazi pale pale kwenye nyasi bandia, sisi na wapinzani na refa. Yalikuwa yameungua upande mmoja.

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kueleza akili niliyotumia. Kisha nikamwona kijana pembeni na simu sikioni. Alikuwa anaongea na baba yake, na alikuwa anaongea Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno.

"Baba, nilimwambia kushoto. Mimi. Na yeye alisikia."

Sijui baba yake alijibu nini, lakini kijana aligeukia ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo akajifuta macho na mkono wenye sukari.

Nikala andazi la pili bila kusema neno, jambo ambalo wanaonifahamu hawataliamini. Baadaye yeye ndiye aliyeandika ujumbe wa mechi, kwa Kiswahili, na kila mara nilimsahihishia herufi bila kumgusia habari ile. Sasa ni mtu mzima, hawezi kuumia. Upande ule ulikuwa kulia.