Kibendera Nilichokishusha

Filimbi yake niliisikia kabla sijamwona. Nilikuwa nimehamia Mabibo siku moja tu iliyopita, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, na asubuhi hiyo nilikuwa bado nimelala kwenye godoro lililozungukwa na mabegi. Ikalia mara moja, fupi, kavu. Ikanyamaza. Kisha ikalia tena, ndefu, ikipanda mwishoni kama mtu anayekataa jambo. Ilikuwa inatoka bafuni. Mpangaji mmoja akapaza sauti dirishani, "Dada, penalti ya nani leo?" Na mwanamke akajibu kutoka ndani, katikati ya maji yanayomwagika, "Yako! Jana hukufagia uani."

Alitoka amejifunga kanga mbili, filimbi shingoni. Mrefu, mwembamba, miguu ya mkimbiaji. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Njombe ambaye lafudhi ya kwao ilikataa kumtoka, na mwisho wa wiki alikuwa mwamuzi wa mpira wa miguu. Alifanyia mazoezi bafuni kwa sababu, alisema, kuta zile zilimrudishia sauti yake akaisikia kama wanavyoisikia wengine. "Filimbi ya woga inajulikana, mdogo wangu. Wachezaji wanaigundua hata hujaitoa mdomoni."

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, naandika riwaya yangu ya kwanza nimejikunja kitandani. Alinitazama wiki mbili, ya tatu akasema, "Utapinda mgongo na hayo madaftari. Njoo ukimbie." Ndivyo nilivyoingia kozi ya uamuzi. Alinifundisha mwenyewe jioni kwenye uwanja wa shule yake, akichora mistari kwa fimbo mchangani, akipanga mawe kuwa mabeki. Kazi yangu ingekuwa pembeni, kushika kibendera.

"Mie siwezi kuangalia mpira na mstari kwa wakati mmoja," alisema. "Wewe ni macho yangu ya pembeni. Ukimwona mtu kaotea, nyanyua. Ukishanyanyua, baki hivyo hivyo hata mbingu ishuke, mpaka nikuone."

Msimu ule alikuwa anasubiri kupandishwa daraja ili achezeshe ligi za juu. Umri ulikuwa unamkimbiza. Asingepanda mwaka ule, asingepanda tena. Mechi yake ya mwisho ya kupimwa ilipangwa Temeke, Jumapili alasiri, na mtathmini wa waamuzi angekuja kukaa pembeni na karatasi zake. Dada aliomba nipangwe naye. "Namwamini," aliwaambia wapangaji wa waamuzi. Hilo sikulisikia kwake. Nililisikia baadaye sana, kwa mtu mwingine, na bora nisingelisikia.

Uwanjani kulikuwa na chumba kimoja cha waamuzi, cha wanaume. Sisi tulibadilishia nguo kwa mama mmoja aliyekaa jirani na uwanja, muuza mihogo ya kukaanga, aliyewafungulia waamuzi wa kike chumba chake kila mechi bila kuombwa. Alituwekea ndoo ya maji, akatuletea na sahani ya mihogo ya moto yenye pilipili na ndimu.

"Shikamoo mama. Asante, tutakula tukimaliza," dada akasema.

"Marahaba. Kwani mihogo inafunga goli?"

"Hapana mama, ila inajaza tumbo la refa, refa akashindwa kukimbia."

Walicheka. Dada alimwachia mama kipande cha sabuni mezani, shukrani yake ya kila mara, akatoka. Mimi nilikula vipande viwili vya mihogo. Vilikuwa vitamu, na nilikuwa na njaa, na yule mama alinitazama nikila kwa uso wa mtu aliyependezwa.

Viwanja vyetu vya mchangani havina uzio. Mshika kibendera anakimbia mstarini na watu wako mgongoni kwake, karibu kiasi cha kuhisi pumzi zao. Upande wangu walijaa mashabiki wa timu ya mtaa ule, na katikati yao yule mama na stuli yake.

"Wewe kibendera, umeolewa?" mmoja akauliza.

"Mwache afanye kazi," mama akamkata. "Huyu mwanangu. Kala kwangu."

Basi nikawa wao. Nilipowapa mpira wa kurusha, na ulikuwa wao kweli, walishangilia kama nimefunga. "Kibendera ana macho huyo! Apewe soda!" Nilipokimbia walinihesabia hatua. Kijana mmoja alinitungia wimbo palepale wa mistari miwili, wote wakaupokea. Nilikuwa msichana ambaye hakuna mtu aliyewahi kusoma hata ukurasa wangu mmoja, na ghafla nina umati. Nakiri: nilifurahi. Nilianza kukimbia vizuri zaidi kwa ajili yao.

Kipindi cha pili, bado bila kwa bila, mshambuliaji wao alipenyezewa mpira nyuma ya mabeki. Alikuwa ameotea hatua mbili nzima. Niliona kama ninavyouona mkono wangu sasa. Nikanyanyua.

Mgongoni mwangu ukapita mguno mmoja mrefu, wa mshangao kuliko hasira. Na juu yake sauti ya yule mama, taratibu, kama anayemuuliza mtoto kwa nini kavunja sahani: "Hata wewe, mwanangu?"

Nikakishusha.

Hazikupita sekunde mbili. Lakini dada alikuwa ameshakiona, ameshapuliza. Mpira ukaingia wavuni baada ya filimbi, uwanja ukalipuka, na yeye alipogeuka kunitazama, mimi nilikuwa nimesimama mikono chini. Akanijia mbio, wachezaji wakimzunguka kama nyuki.

"Kuotea?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja, na yote yangeishia mgongoni kwangu, mahali pake.

"Sikunyanyua, dada."

Alinitazama mkono, si uso. Kisha akafanya lililobaki, akaudondosha mpira mchezo uendelee, na hapo ndipo matusi yalipoanza. "Kapuliza nini huyu?" "Aliyeotea ni refa!" "Mama, ugali unaungua, rudi jikoni!" Mashabiki wangu nao walipiga kelele, ila si kwangu. Mimi walinipigapiga begani. Chini ya mwavuli mtathmini alikuwa ameinama anaandika.

Tulipokuwa tunabadilisha nguo akaniuliza tena, mara moja tu. "Mie nilikiona kibendera." Nikajibu lile lile nikifungua kamba za viatu ili nisinyanyue kichwa.

Orodha ya waliopandishwa daraja ilipotoka, jina lake halikuwamo. Waamuzi wanaume waliokosea vibaya zaidi msimu ule waliitwa wazoefu walioteleza. Yeye iliandikwa kwamba anapuliza bila msingi, na kijiweni wakasema si tuliwaambia, kana kwamba wanawake wote nchini walipuliza filimbi ile.

Nilijipa moyo kwamba angekasirika kidogo, kisha angesahau. Sikujua kwamba angeniamini. Baada ya mwezi aliniomba nimsindikize kupima macho. Nikaenda. Nilikaa kwenye benchi nikimsikiliza akisoma herufi ukutani, mstari baada ya mstari, hata ule wa chini kabisa, bila kukosa.

"Mwalimu, haya ni macho ya rubani," daktari akamwambia.

Hakucheka. Nje kwenye ngazi alisimama akatazama barabara. "Kama si macho," alisema, "basi ni kichwa."

Hata hapo sikusema.

Aliendelea kuchezesha mechi ndogo ndogo, Segerea, Mbezi, popote walipompanga, lakini nilimwona akichelewa. Faulo ya wazi mbele yake, naye anatazama pembeni kwanza, anatafuta wa kumthibitishia. "Siku hizi naona kitu, halafu najiuliza kama nimekiona," aliniambia akifua uani. Mimi nilikuwa nimeshaacha kibendera, nimerudi kwenye madaftari. Niliandika kisa kile mara tatu, na kila mara kosa nilimpa mtu mwingine.

Jumamosi moja mchana aliingia chumbani kwangu na mfuko. Ndani mlikuwa na jezi nyeusi, kaptula, soksi zilizokunjwa mbilimbili, viatu vilivyopigwa brashi.

"Kuna binti mtaa wa nyuma anaanza kozi," alisema. "Mpelekee. Mie basi."

"Dada, kaa."

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Nikamweleza. Mihogo, wimbo, mguno, mkono wangu ulivyopanda na ulivyoshuka. Sikulia, kwa sababu niliona kulia kungekuwa kumwomba anibembeleze. Alisikiliza hadi mwisho mikono ikiwa mapajani, kama anavyowasikiliza wanafunzi wake.

Nilingoja anitukane. Nilitamani.

"Kumbe niliona," alisema.

Alilisema polepole, wala hakulisema kwangu. Usoni mwake kikalegea kitu ambacho sikuwa nimegundua kwamba kilikuwa kimekazwa muda wote ule, na kwa kitambo kidogo akawa kama mtu aliyerudishiwa mali yake, lakini duka limeshafungwa.

"Dada, nisamehe."

Aliinuka, akajifunga kanga upya kiunoni. Aliutazama mfuko, akaniangalia mimi, nikadhani anataka kusema jambo. Akaupita mfuko, akauacha pale pale. Akatoka, na mlango akaurudisha nyuma yake kwa upole mpaka kitasa kikabana.